Walikula Nini? Shajara ya Mradi wa Tudor

6 Januari

Leo tumeanza. Kibali kimetoka, nahodha amekubali kutuchukua mara mbili kwa wiki, na meza pekee iliyomo katika chumba tulichokodi tumeigawa: upande wangu majalada na kinasa sauti, upande wa mwenzangu mirija ya kioo na vifuko vya shashi vya kufunikia maua.

Kwa atakayeifungua shajara hii bila kutujua: mimi ni mtu wa historia. Nafuatilia siasa za mapinduzi katika bandari za pwani, kuanzia mgomo wa jumla wa Mombasa wa Januari 1947, kisha ule wa Dar es Salaam Septemba mwaka huohuo, kisha wa Unguja 1948, hadi 12 Januari 1964 serikali ya Sultani ilipopinduliwa. Mwenzangu ni mtu wa ikolojia. Alisomea ndege wavumaji wa Amerika kwa takwimu za watu wengine, maana huku kwetu hayupo hata mmoja, na sasa amerudi nyumbani kuwasoma chozi, ndege wadogo wa huku kwetu wanyonyao maua. Fungu la fedha ni moja na lilikuja na sharti: tufanye kazi mahali pamoja. Tukachagua ukingo wa Hori ya Tudor, hapa Mombasa, kwa kuwa mikoko iko pale chini na mtaa wa Majengo, ulikofanywa mikutano ya mgomo, ni mwendo wa miguu.

Chozi na mvumaji si ndugu, ingawa watu wengi wakimwona chozi bustanini hudhani ndiye yule wa kwenye televisheni. Wavumaji, aina zaidi ya 300, wako Amerika tu. Chozi wako Afrika, Asia hadi Australia. Kila ukoo ulipata mdomo mrefu kwa njia yake, kwa sababu mbochi, maji matamu ya ua, ulio ndani kabisa haufikiwi kwa mdomo mfupi. Watazame wakila utawatofautisha: mvumaji huelea hewani mbele ya ua, chozi hutafuta kwanza pa kushika kwa miguu.

Mwenzangu amebandika ukutani picha ya mvumaji wa Cuba, ndege mdogo kuliko wote duniani, uzito wake gramu mbili hivi. Nami nimebandika ramani ya Unguja kando yake. Cuba imo katika majalada yangu pia: baadhi ya vijana wa Umma Party, chama cha Abdulrahman Babu, walipata mafunzo huko kabla ya mapinduzi.

13 Januari

Siku kama ya leo, Jumatatu ya 13 Januari 1947, wafanyakazi kiasi cha 15,000 wa mji huu hawakwenda kazini. Si makuli wa bandari ya Kilindini peke yao. Walikuwamo watu wa reli, wa mahoteli, mpaka maboi na wapishi wa majumbani mwa Wazungu. Bei zilikuwa zimepanda tangu wakati wa vita, vyumba havipatikani, na mshahara uko palepale. Mji ukasimama siku 12. Mikutano ilifanywa kwenye kiwanja cha mpira Majengo, nacho kikaitwa Kiwanja cha Maskini. Katika siku hizo kikazaliwa chama cha African Workers' Union, ambacho baadaye kilijiita African Workers' Federation. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, alitoka Nairobi akaja kuwasihi watu warudi kazini huku madai yao yakisikizwa. Likaundwa baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker, yuleyule aliyekuja kumhukumu Kenyatta kule Kapenguria.

Nimetembea Majengo leo tangu saa mbili asubuhi. Katikati ya maghorofa bado zimo nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma. Vyumba kama hivi ndivyo walivyopanga wale watu. Nimesimama mlangoni pa nyumba moja, mama mmoja akinikaribisha nami nikishukuru, nikajaribu kuwaza ukumbi ule asubuhi ile ya Jumatatu, wanaume wote wamo nyumbani saa ambayo kwa kawaida hawamo.

19 Januari

Mahojiano matatu, na yote matatu yamekwenda mrama.

Niliandaa maswali mwezi mzima. La kwanza lilikuwa: ni nani aliyeongoza mgomo? Kila mzee alinijibu neno moja, Chege Kibachia, kisha akanyamaza kama mwanafunzi aliyepata jibu la mtihani. Sisemi kwamba wamekosea. Kibachia alikuja kuwa kiongozi wa chama kile, akakamatwa Agosti 1947, akapelekwa Kabarnet, Baringo, akakaa uhamishoni miaka kama kumi. Mtu aliyelipa vile kwa ajili ya mishahara ya watu astahili kutajwa kila siku. Walakini jina lake lilipotajwa mazungumzo yalifungika. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi nilikuwa mtoto. Mambo ya wakubwa kaulize wakubwa." Wakubwa wale wote wamo kaburini.

24 Januari

Bamvua. Maji yamejaa mpaka juu, mtumbwi ukaingia katikati ya mikoko ambako siku nyingine ni matope tupu. Ilikuwa zamu yangu ya kumsaidia mwenzangu, na leo nimeliona ua la muia kwa karibu. Nataka kuliandika kabla sijalisahau.

Katika mikoko yetu wenye maua makubwa ya kuvuta ndege ni muia. Ua lake huning'inia likiangalia chini, na kikombe chake ni chekundu. Ndani mna petali zilizokunjwa, kila moja imekumbatia jozi ya stameni na kuzibana kwa nguvu. Ukilitazama waliona limetulia. Kumbe limetegwa. Mwenzangu alichukua unyasi, akaugusisha chini ya petali moja, ikafyatuka, na chavua ikaruka kama vumbi la unga ikamwagika kidoleni mwake. Akifanya hivyo ndege badala ya unyasi, chavua humpaka usoni, naye huipeleka kwenye ua la pili bila kujua.

Faida yake kwetu ni hii: ua lililofyatuka halirudi lilivyokuwa. Kwa hiyo ua lenyewe latunza hesabu ya waliopita. Nilipoelezwa hivyo nilifurahi kuliko nilivyotarajia, maana ushahidi wa aina hiyo ndio ninaoutafuta mimi kila siku katika makaratasi.

Kisha alikuja mwenyewe. Chozi wa rangi ya panya, mkubwa kidogo kuliko wenzake, asiye na rangi za kung'aa. Dume na jike wamefanana. Alishika kikonyo cha ua, akajipinda kichwa chini, akatia mdomo. Nilisikia mguso mdogo wa petali, au nilidhani nimesikia. Alipoinua kichwa paji lake lilikuwa na vumbi la manjano.

Tulipokuwa tukivifunga vifuko vya shashi tuligusa tawi lenye kiota cha majimoto. Mikono ya mwenzangu imevimba. Vifuko sita tumevifunga, vitatu tumeviacha.

2 Februari

Ofisi moja ya kumbukumbu imenirudisha mikono mitupu kwa mara ya tatu. Jalada nililoomba limo katika orodha, rafuni halimo. Limeazimwa, labda miaka mingi iliyopita, na aliyeliazima hajulikani. Nimeumia, kwa sababu karatasi zile ni mali ya wajukuu wa wale makuli kabla ya kuwa mali ya mtafiti yeyote.

Nimesoma yaliyopo. Mgomo wa bandari wa 1939 ulizaa tume ya Willan. Fukuto la 1945 likazaa kamati ya Phillips. Kote huko serikali yauliza jambo lilelile: mshahara watosha gharama ya maisha au hautoshi? Na kote huko anayepigiwa hesabu ni mwanamume mmoja, kapera: posho yake, kitanda chake, nguo zake. Mke hayumo. Watoto hawamo. Ilibidi ifike 1954, kamati ya Carpenter, ndipo serikali ya Kenya ilipoambiwa kwamba mshahara uhesabiwe kwa mtu mwenye familia.

Nimeandika pembeni: kama hesabu yao ni ya kapera mwenye mshahara wa siku, basi kapera huyo angekwisha siku ya tatu ya mgomo. Hawakwisha. Siku 12. Walikula nini?

3 Februari

Sijalala vizuri kwa swali la jana.

9 Februari

Mwenzangu amekiri kosa, nami naliandika kwa idhini yake kwa sababu lina manufaa. Daftari lake la mwezi mzima limejaa madume. Yule chozi mwenye mkanda wa zambarau kifuani, aliye wengi huku pwani, dume lake hung'aa kijani na buluu hata mtu aliye mbali amwona. Jike ni wa kijivujivu, hupita kimya, hushuka chini ya majani. Wale tuliowaandika "hajatambulika" pengine nusu yao walikuwa majike, na hakuna namna ya kurudi nyuma kuwatambua.

Jioni tuliketi barazani akanisimulia kazi ya Frank Gill na Larry Wolf, waliowasoma chozi wa mabawa ya dhahabu karibu na Naivasha miaka ya 1970. Ndege yule hulinda eneo la maua. Maeneo yalitofautiana sana kwa ukubwa, hili dogo kama ua wa nyumba, lile kubwa mno, lakini maua yaliyokuwamo katika kila eneo yalikaribiana: kiasi cha 1,600, yanayomtosha ndege mmoja kwa siku moja. Mbochi ukipungua sana, kulinda hakulipi, huacha. Ukizidi sana, kila mtu ana wake, huacha vilevile. Hulinda pale tu ambapo nguvu anazotumia kuwafukuza wenzake ni ndogo kuliko chakula anachookoa.

Nilimwambia, "Hiyo ni hesabu ya kapera."

Alinyamaza. Kisha akasema ni kweli, hesabu ile ni ya ndege mmoja mzima anayejilisha mwenyewe. Makinda hawakui kwa mbochi peke yake. Wahitaji wadudu na buibui. Sisi tulikuja kupima mbochi na sukari, tukaacha kabisa kinachobebwa kupelekwa kiotani.

Tangu leo tumebadilisha fomu zote mbili. Yake ina safu mpya: amebeba nini mdomoni? Yangu, swali la viongozi nimelishusha likawa la mwisho. La kwanza ni: siku zile nyumbani kwenu mlikula nini?

17 Februari

Nimerudi Majengo, safari hii kwa bibi mmoja aliyekaribia miaka tisini. Alikuwa na miaka kama kumi wakati wa mgomo. Januari alikuwa amenikataa: "Mimi sijui siasa." Leo nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikaketi mkekani karibu yake, nikamuuliza swali jipya.

Alicheka kwanza. "Wauliza chakula? Hiyo nayo ni historia?"

Nikamwambia ndiyo, bibi, ndiyo ninayoitafuta.

Alizungumza saa mbili na nusu. Nayaandika hapa kwa ufupi. Sauti yote nimeihifadhi mahali pawili, maana mwaka jana niliwahi kupoteza mahojiano mazima na sitaki kurudia.

Baba yake alikuwa kibarua gatini. Akipata kazi asubuhi, jioni kuna pesa, asipopata, hakuna. Kwa hiyo, alisema, nyumba yao ilijua siku bila pesa kabla ya mgomo, na mama yake alikuwa na njia zake. Siku ya kwanza walikula kilichokuwamo. Siku ya pili mama alikwenda dukani kukopa, mwenye duka akaandika. Siku ya nne au ya tano mwenye duka aliacha kuandika. Hapo mama yake na shoga zake wawili wa vyumba vya pili walivuka daraja la Nyali, lile la zamani lililoelea majini, wakaenda Kisauni kwa nyanya yake kuchimba mihogo. Walirudi na mizigo kichwani, wakaipika uani katika sufuria moja, nyumba nzima ikala. Mwenye nyumba, naye mwanamke, hakudai kodi mwezi ule. "Hakusema amesamehe," bibi alisema. "Alinyamaza tu. Nasi tukanyamaza."

Kitoweo? Hapo aliinama, akashusha sauti kana kwamba ni siri hata leo.

"Kaa."

Maji yakitoka, yeye na kaka yake waliteremka Tudor pamoja na mama, wakaingia mikokoni, wakawatoa kaa mashimoni kwa kijiti chenye ncha iliyopinda. Mama alikunja leso mpaka magotini. Bibi alinionyesha kwa mkono jinsi ya kukizungusha kijiti ili kaa akishike mwenyewe, na mkono ule ulikuwa na nguvu. "Kaa tuliwala mpaka tukachoka. Mpaka leo mimi sili kaa."

Nilizima kinasa sauti kwa muda kwa sababu nilihitaji kutulia. Mikoko ile ninayoipita kwa mtumbwi kila wiki, nikiiona kuwa upande wa mwenzangu, imo ndani ya mgomo. Nilikuwa nimeketi juu ya jibu nikilitafuta maktaba.

Nilipomuuliza mgomo ulichukua muda gani alijibu bila kusita: mwezi mzima, na zaidi.

18 Februari

Makaratasi yasema siku 12. Bibi asema mwezi na zaidi. Mwanafunzi niliyekuwa zamani angeandika "kumbukumbu si sahihi" na kuendelea. Nimesikiza tena ile sehemu. Asema baba alirudi kazini, "lakini mgomo ulikuwa bado, kwa sababu deni la duka lilikuwa bado." Kwa hiyo hakukosea tarehe. Yeye ahesabu kitu kingine, na kitu hicho hakina jalada. Nitaziandika hesabu zote mbili katika sura ya pili, moja chini ya nyingine, bila kuifanya moja ihukumu ya pili.

Sharti langu kwa nafsi yangu: hii ni nyumba moja. Sitasema "Mombasa ilikula kaa." Nahitaji nyumba nyingine, za watu wa bara pia, ambao hawakuwa na nyanya Kisauni. Wao ndio wengi waliokuja kutafuta kazi Kilindini, na swali kwao ni gumu zaidi.

22 Februari

Mahojiano mawili mapya. Moja fupi mno, mzee ni mgonjwa. La pili zuri: mwana wa mtu wa reli, akumbuka wali wa kugawana na jirani. Nitalinukuu baadaye.

1 Machi

Tumelala ukingoni ili tuwe mikokoni kabla ya jua. Mwenzangu alitaka kuona chozi aamkavyo, kwa sababu ya jambo alilolijua kwa wavumaji. Mvumaji akiruka, moyo wake waweza kupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Usiku, asije akamaliza akiba yote kabla ya asubuhi, huweza kuuacha mwili upoe na moyo upungue mpaka waonekana kama umekufa. Kuna mvumaji wa milima ya Andes aliyepimwa joto la mwili likiwa nyuzi 3 hivi tu. Anafunga duka usiku na kulifungua alfajiri.

Huku pwani usiku hauna baridi ya milima, na vyombo vyetu havipimi joto la ndege aliyelala, kwa hiyo hatukwenda kuthibitisha lolote. Tulikwenda kutazama. Kiza kilikuwa bado kizito upande wa Mikindani nilipomsikia wa kwanza, sauti kali fupifupi. Kulipopambazuka tukamwona juu ya muia, manyoya yamejaa kama pamba, mdomo umeangalia juu. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akajikung'uta, akawa mwembamba tena, akaenda moja kwa moja kwenye ua ambalo halijafyatuka. Alikuwa ameyapita mawili yaliyokwisha kufunguliwa jana yake. Mwenzangu aliniminya mkono kwa nguvu.

Nimeona pia visiki vipya vya mikoko, vilivyokatwa kwa panga, na taka za plastiki zilizonaswa mizizini. Kila kisiki nimekiandika mahali pake. Naandika kwa hasira, na sioni sababu ya kuificha hapa.

8 Machi

Nimerudi kwa bibi, safari hii na mwenzangu, tukamsikizishe sauti yake na kuomba idhini ya kuitumia. Ametoa idhini, ila sehemu moja inayomhusu mjomba wake ameniambia nifute, nami nimefuta mbele yake.

Alimgeukia mwenzangu. "Nawe, mwanangu, wafanya kazi gani?"

"Nahesabu chozi, bibi."

"Kisha?"

"Natafuta wanakula nini."

Bibi alinitazama mimi, akamtazama yeye, akatikisa kichwa. Kisha akanyanyuka kwa kujishika ukutani, akatuita uani. Kamba ya kuanikia nguo imefungwa toka mwembe hadi dirisha la jikoni, na katikati yake laning'inia tonge la nyuzi za buibui, majani makavu na vipande vya karatasi, lenye kimlango pembeni na kijibaraza juu yake. Nguo zote zimeanikwa kwenye kamba ya pili. Hii, alisema, hajaigusa tangu mwezi uliopita.

Mwenzangu alikuwa hana fomu. Aliandika nyuma ya risiti. Saa nne na dakika tano, jike ameingia, mdomoni buibui. Saa nne na dakika tisa, ameingia tena, mdudu wa kijani. Saa nne na dakika kumi na nne, ameingia, hatukuona amebeba nini. Bibi asema ni buibui, na aliyekuwa karibu zaidi ni yeye.